Kabla hujachagua maua ya wolpepa, muulize kwanza ukuta wako

Wiki mbili zilizopita shangazi yangu wa Ngamiani alinipigia simu asubuhi, hata shikamoo yangu hakuimalizia kuiitikia, "Marahaba mwanangu, njoo uione sebule yangu." Nilivyofika nikaelewa. Ile wolpepa ya kahawia yenye maua ya dhahabu aliyobandika mwezi wa pili kwa ajili ya harusi ya binti yake imeachia kuanzia chini kwenye skatingi, imejikunja kama ganda la ndizi, na ukuta wa nyuma yake una madoa meusi na unga mweupe mweupe. Fundi alishapigiwa, kasema wolpepa ni feki. Muuzaji nae kapigiwa, kasema fundi hajui kazi. Shangazi katikati hapo anajilaumu, angechukua ile ya kijivu aliyoshauriwa na jirani. Mie nikachovya kidole kwenye ule unga nikaugusisha ulimi. Chumvi tupu.

Basi tukakaa tukanywa chai nikamweleza, na haya ninayoandika hapa ni yale yale niliyomweleza shangazi, nimeyapanua tu kidogo, maana nafanya kazi ya rangi na mapambo ya ndani hapa Tanga na kila mwaka masika ikipita naitwa kwenye nyumba za namna hii, na inaniuma sana kuona mtu kacheza mchezo na wenzie miezi sita, zamu yake imefika, hela yote kaiweka ukutani halafu ukuta umeitema.

Wolpepa ya shangazi haikuwa feki. Ni vinili nzuri tu, kwenye ukuta mwingine ingekaa miaka. Ila vinili ni plastiki, haipitishi maji, na ukuta ule unatoa maji. Sasa maji yanataka kutoka yanakuta plastiki imeyaziba, yatafanya nini, yanakaa hapo hapo nyuma yanalainisha gundi, kuvu inapata chakula na inapata giza, mwisho wolpepa inaachia. Kwa hiyo tunavyoingia dukani na kuanza kuuliza rangi na maua tunakuwa tumeanzia mwisho. Cha kwanza ni kujua unyevu kwenye ukuta wako unatokea wapi na unaelekea wapi, cha pili ndo aina ya wolpepa, maua yanakuja ya tatu, na maua nayo yana hesabu yake ambayo imeshawatoa watu wengi hela za bure, ntafika huko.

Tuanze na ukuta. Unyevu mmoja unapanda kutoka chini ardhini. Tofali la simenti lina vitundu vidogo sana na maji yanapanda humo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari, na kama wakati wa kujenga msingi haikuwekwa ile nailoni ya kuzuia maji basi ukuta unakunywa masika yote. Huu unautambua kwa macho, rangi inabanduka kutoka sakafuni hadi usawa wa goti au mita moja hivi, juu pako safi kabisa.

Mwingine ni wa chumvi, na huu ndo ugonjwa wa sie watu wa pwani. Ukuta uliopigwa lipu ya mchanga wa baharini una chumvi ndani yake, na chumvi inavuta maji kutoka hewani yenyewe bila hata tone la mvua. Kila mama wa Tanga analijua hili ingawa labda hajawahi kulihusisha na ukuta, ile chumvi ya kwenye kopo jikoni ikifika masika inalowa, ukitaka kuchota inatoka bonge. Chumvi ya kawaida ikikaa kwenye hewa yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 75 inaanza kuyeyuka, na hapa kwetu kuna asubuhi nyingi tu hewa inavuka hapo. Mchana jua likikaza hewa inakauka, chumvi inaganda tena kuwa punje, na zile punje zikiota ndani ya vitundu vya lipu zinasukuma kila kilicho mbele yao, rangi, gundi, mpaka lipu yenyewe inapukutika. Usiku inalowa, mchana inaganda, kesho tena. Hakuna wolpepa inayoshinda mchezo huo, ya bei ndogo wala ya bei kubwa. Ukuta wa chumvi dawa yake ni kubomoa lipu ile iliyoharibika na kupiga nyingine ya mchanga wa mtoni uliooshwa, na kama kuna maji yanapanda chini yashughulikiwe kwanza hayo, vinginevyo bora uache rangi ya kawaida ambayo ikibanduka unapiga msasa unapaka tena kwa gharama ndogo.

Unajuaje sasa kabla hujanunua? Chukua kipande cha nailoni kama nusu mita kwa nusu mita, kibandike ukutani kwa selotepu pana pande zote nne hewa isipite, uache siku mbili. Ukikuta matone upande wa nyuma, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani. Ukikuta matone upande wa mbele, huku chumbani, basi ni hewa ya chumba chenyewe na kazi yako ni madirisha na feni. Fanya sehemu zaidi ya moja, chini karibu na sakafu, katikati, na ukuta unaotazama nje. Na kama unaweza fanya wakati wa mvua, kwa sababu mwezi wa pili kaskazi inavuma na jua ni kali, kila ukuta wa Tanga unaonekana mkavu. Shangazi alibandika mwezi wa pili. Masika ikaingia mwezi wa tatu.

Halafu kuna nyumba za zamani, zile za mawe ya matumbawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe wa Bagamoyo na baadhi ya za hapa kwetu. Hizi naomba niseme wazi, usizibandike vinili hata ukipewa bure. Matumbawe na chokaa ni vitu vinavyopumua, maji yanaingia yanatoka, yanaingia yanatoka, na ndo maana zimedumu. Nenda magofu ya Tongoni, kama kilomita 17 tu kusini ya mji, uangalie kuta za ule msikiti zilivyosimama karne na karne bila paa. Ukuta wa namna hiyo ukiuvisha plastiki, au hata ukiupiga lipu ya simenti, umeuziba pua. Tena uso wake wa chokaa unatoa vumbi, ukipitisha kiganja kinatoka cheupe, gundi itashika lile vumbi na vumbi halijashika ukuta. Nyumba kama hizo urembo wake ni chokaa safi iliyopakwa vizuri na zile zidaka zake, vile vishubaka vya kuwekea vitu vilivyochimbwa ukutani, mtu aliyejenga zidaka ukutani alishamaliza kazi ya kupamba.

Unyevu wa tatu ndo unaowashangaza watu wenye uwezo, wa AC. Hili lilinipata mimi mwenyewe chumbani. Niliweka AC, nikabandika vinili ya kijani kibichi ukuta wa kitandani ambao ndo ukuta wa nje, unaotazama upande wa bahari. Miezi michache chumba kikaanza kunuka kama nguo zilizokunjwa mbichi. Nikakagua paa, halivuji. Nikakagua bomba, zima. Siku nimebandua pembeni kidogo ndo nikaona, nyuma ya wolpepa kuvu imejaa ukuta mzima na maji yanang'aa kabisa, wakati mbele kwa macho hakuna doa. Maelezo yake ni chupa ya soda. Ukiitoa kwenye friji ukaiweka mezani inatoka jasho, si kwamba inavuja, hewa ya moto yenye unyevu imegusa kitu cha baridi ikaachia maji. Sasa hewa ya nje ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 inaanza kuachia maji ikigusa kitu cha nyuzi 26 hivi. Chumba chako umekipoza mpaka 22 au 23. Unyevu wa nje unapenya tofali taratibu unaelekea ndani, unafika nyuma ya vinili iliyopoa, hapo hapo unageuka maji na hauna pa kutokea. Kama ukuta ungekuwa na rangi tu au wolpepa inayopumua, ule unyevu ungeingia chumbani na AC ingeuvuta na kuumwaga nje kwenye lile bomba lake.

Kwa hiyo vyumba vya AC pwani, ukuta wa nje uachie upumue, vinili kama unaipenda weka kwenye ukuta wa katikati, ule unaotenganisha chumba na chumba. Hii peke yake ukiishika umejiepusha na nusu ya hasara ninazoziona.

Sasa tuje kwenye wolpepa zenyewe, na hapa majina ya dukani yanachanganya watu makusudi au kwa bahati mbaya, sijui, ila yanachanganya. Wolpepa ina uso na ina mgongo, na muuzaji mara nyingi anakutajia kimoja tu. Ya karatasi ni karatasi mbele na nyuma, inapumua, bei yake ya kawaida, ila hairuhusu kusuguliwa na maji na inachanika ovyo. Ya vinili ina uso wa plastiki juu ya karatasi, inafutika, mtoto akichora kwa kalamu unafuta, ndo nzuri kwa korido na kwa ukuta wa meza ya chakula. Halafu kuna noniwoveni, ambayo ni nyuzi za mimea zilizochanganywa na za poliesta zikagandamizwa bila kufumwa, kama kile kitambaa cha mifuko ya sokoni tunayobebea siku hizi ila laini zaidi. Hii haivimbi ikilowa gundi na haisinyai ikikauka, unapaka gundi ukutani badala ya kwenye karatasi, na siku umeichoka inabanduka kavu, shuka nzima, bila kukwangua. Kwa mpangaji ambaye mwenye nyumba wake anataka ukuta urudi ulivyokuwa, hii ni ya kwanza kufikiriwa.

Lakini hapo hapo kwenye noniwoveni kuna mtego, na nimeona hata mafundi wazoefu wanaingia. Nyingi zinazouzwa kwa jina hilo zina mgongo wa noniwoveni na uso wa vinili. Mgongo unapumua uso umeziba, yaani umerudi pale pale kwa shangazi. Uliza uso ni wa nini. Ukimwaga tone la maji juu yake likakaa kama shanga na hata baada ya dakika kadhaa halijazama, ujue kuna plastiki. Na zile pana za Korea zinazoitwa za silki nazo usidhani ni hariri, ni PVC, plastiki ya vinili, juu ya karatasi, zinapendeza na ni imara ila kanuni yake ni ya vinili.

Za stika, zile za kubandua mgongo na kubandika, ndo zimejaa mjini kwa sababu hazihitaji fundi. Sizikatai. Kwenye kabati, kwenye mlango, kwenye jipsamu bodi iliyopakwa rangi vizuri zinakaa. Ukutani kwetu huku joto linailegeza gundi yake, inateleza kidogo kidogo maungio yanafunguka, na ukiwa na rangi ya zamani isiyoshika, siku ya kubandua inaondoka na rangi yote. Jaribu kwanza kwa selotepu, bandika ukutani, sugua, vuta kwa nguvu ghafla. Ikija na rangi au vumbi, stika haina kazi hapo. Na zile za foamu zenye sura ya matofali, laini ukibonyeza zinarudi, tafadhali msiziweke karibu na jiko la gesi. Foamu ile inashika moto haraka na moshi wake mbaya. Nimeziona jikoni kwa watu, nyuma ya jiko kabisa, na kila nikiziona nasema, hata kwa mtu nisiyemjua.

Kuna moja naipenda kwa sababu ya Tanga yenyewe. Duniani kuna wolpepa za nyuzi za mimea, majani, juti, na katani, nyuzi zinapangwa au kufumwa halafu zinagundishwa kwenye karatasi. Katani hii hii yetu. Mkonge ulifika mkoa huu mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida na iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kutoka hiyo 62 yakatoka mashamba yote tunayoyaona njiani ukielekea Korogwe. Ukuta wa katani una rangi ya asali, unameza mwangwi wa sebule, na una mguso ambao hakuna plastiki inayouiga. Ila niwe mkweli na masharti yake, haioshwi, ukiimwagia chai imekunywa, maungio kati ya kipande na kipande yanaonekana na hayafichiki kwa sababu rangi ya nyuzi haifanani popote, ndo sura yake hiyo. Na inataka chumba kinachopitisha hewa vizuri, bafuni na jikoni usiipeleke. Ukuta mmoja wa sebule, usiogusa nje, inapendeza mpaka basi.

Kwenye lebo ya roli kuna michoro midogo ambayo watu wanairuka, na imebeba majibu ya maswali yote ambayo muuzaji anakujibu kwa kubahatisha. Mawimbi ni maji, wimbi moja unafuta kwa sponji tu, mawili unaosha, matatu unaosha zaidi, na ukiona brashi juu ya wimbi hapo unaweza kusugua. Jua ni kupauka, nusu jua inapauka mapema, jua zima inavumilia, na nyumba yenye madirisha ya mashariki inayopokea jua la asubuhi kutoka baharini usiipe nusu jua. Brashi yenye ukuta au karatasi inakwambia gundi inapakwa wapi. Na mishale ndo inaonyesha maua yanavyokutana kati ya kipande na kipande, na hapa ndo tunaingia kwenye ile hesabu niliyoahidi.

Roli ya kawaida ni upana sm 53 na urefu mita 10.05. Namba zinaonekana za ajabu kwa sababu ni inchi 21 kwa yadi 11 za Waingereza. Ukizidisha unapata kama mita 5.3 za mraba, na muuzaji anachofanya ni kuchukua eneo la ukuta wako akagawa kwa 5.3. Kosa liko hapo. Tuchukue ukuta wa upana mita 4 na urefu mita 3.2, nyumba za dari la juu kama zilizopo nyingi Chumbageni. Eneo ni 12.8, gawa kwa 5.3 unapata 2.4, anakuuzia roli 3 na unaondoka unajua zitabaki. Sasa njoo ukutani. Mita 4 kwa vipande vya sm 53 ni vipande 8. Kila kipande kikatwe mita 3.3 ili kuwe na ziada ya kurekebisha juu na chini, roli ya mita 10.05 inatoa vipande 3, kwa hiyo roli 3 zinatoa 9, sawa, zimetosha. Lakini hiyo ni kama haina maua ya kulinganisha. Ukichagua maua makubwa yanayojirudia kila sm 64, kila kipande lazima kianzie pale pale kwenye ua ili jani la huku likutane na jani la kule, maana yake unakata kwa marudio mazima, na 3.3 inahitaji marudio 6, yaani mita 3.84. Roli moja sasa inatoa vipande 2 tu na zaidi ya mita mbili zinatupwa. Vipande 8 vinataka roli 4. Yule wa roli 3 amebaki na vipande 6 na ukuta wenye uwazi wa zaidi ya sm 80, anarudi dukani, anapewa roli ya bechi nyingine, yaani iliyochapwa kwa mkupuo mwingine kiwandani, na rangi inapishana kidogo tu lakini jicho linaiona kila siku. Namba ya bechi iko kwenye lebo, hakikisha roli zote zinafanana kabla hujatoka dukani.

Ndo maana nasema maua makubwa yana gharama ambayo haijaandikwa kwenye bei. Mshale ukielekea kwenye sifuri hakuna kulinganisha, unakata tu. Mishale miwili inayotazamana usawa mmoja, maua yanakutana moja kwa moja. Mishale iliyopishana, mmoja juu mmoja chini, kila kipande kinashuka nusu rudio, hii inapendeza sana ila inamla fundi mvivu na inakula karatasi. Zile za Korea za upana mita 1.06 na urefu 15.6 zina faida hapa, ukuta ule ule unahitaji vipande 4 tu, na hata kwa rudio la sm 64 unapata 15.36, roli moja imemaliza ukuta na maungio ni matatu badala ya saba. Ila haina nafasi ya kukosea hata kidogo. Na za stika mara nyingi ni sm 45 kwa mita 10, yaani mita 4.5 za mraba, kwa hiyo usilinganishe bei ya roli kwa roli.

Maua yenyewe sasa. Kuna kanuni watu wanazirudia, chumba kidogo maua madogo, chumba kikubwa maua makubwa. Mimi siikubali yote. Maua madogo madogo ukuta mzima kwenye chumba kidogo yanasumbua macho kama redio iliyo kati ya stesheni mbili, wakati ua moja kubwa tulivu kwenye ukuta mmoja linakipa chumba utulivu. Cha kuangalia ni umbali unaolitazama. Ukuta wa nyuma ya kitanda unautazama kutoka mlangoni, mita tatu nne, maua ya vidoto hapo yanageuka vumbi. Korido unapita karibu, maua makubwa unaona kipande cha jani tu.

Njia ninayowapa wateja wangu haigharimu kitu. Nenda kwenye sanduku la kanga. Chukua kanga moja yenye mji wenye picha kubwa, korosho kubwa au nanasi, na nyingine ya vidoto au vimistari, zipachike ukutani kwa pini usawa wa macho, halafu rudi nyuma mpaka mlangoni. Zikae hapo siku nzima, uzione asubuhi, uzione usiku taa ikiwaka, maana taa nyeupe za LED zinaua rangi za kahawia na dhahabu, na ile njano inazifufua. Jioni utakuwa umejua ukuta wako unabeba ukubwa gani. Tumekua tukitazama maua ya kanga maisha yetu yote, jicho la maua tunalo, tunalisahau tu tukiingia dukani tukafunguliwa katalogi.

Mistari ya wima inanyanyua dari, kweli, ila inasema ukweli kuhusu fundi wako wa ujenzi. Kona ikiwa imelala sm 2 kutoka juu hadi chini mstari utaionyesha kwa kila anayeingia. Teremsha timazi, ile kamba yenye uzito chini, kwenye kona kabla ya kuchagua mistari au maumbo ya pembe pembe. Kama ukuta umelala chukua maua ya majani yanayotambaa ovyo, jicho halina pa kupimia. Vivyo hivyo na za kung'aa, dhahabu na fedha, zinaonyesha kila nundu ya lipu dirisha likiwa pembeni, ukuta wake upigwe skimu, ile lipu laini ya mwisho, na msasa mpaka kiganja kiteleze. Na usipambe kuta zote nne. Ukuta mmoja, unaoutazama ukiingia, tatu zipake rangi iliyochukuliwa kutoka kwenye moja ya rangi tulivu za maua yale yale.

Gundi iwe ya wolpepa, ya unga unaokorogwa na maji, na kwa vinili iwe ile yenye dawa ya kuzuia kuvu. Uji wa ngano ambao baadhi ya mafundi wanapika bado unashika vizuri siku ya kwanza, ila kwa unyevu huu unakuwa chakula cha kuvu na wadudu. Ukuta wenye lipu mpya usubiri angalau mwezi, ukiwa umejengwa wakati wa mvua usubiri zaidi. Nyumba yenye mchwa amalizwe kwanza, karatasi kwake ni mti tu. Wolpepa ya karatasi ikishapakwa gundi ikunjwe iachwe dakika kama tano mpaka kumi ilainike na kutanuka kabla ya kwenda ukutani, fundi akiiharakisha inatanukia ukutani na ndo yale mapovu. Aanze katikati ya ukuta kwa mstari wa timazi, ua kubwa likae katikati ya kitanda au ya TV, aende kulia na kushoto, asianzie konani.

Na akishamaliza usimruhusu mtu awashe AC wala feni ili ikauke haraka. Inakauka juu kabla ya chini, inasinyaa, maungio yanafunguka, na hayafungiki tena. Iache usiku mzima ijikaukie polepole, madirisha yamefungwa. Roli iliyobaki izungushie nailoni na lebo yake ndani, iweke juu ya kabati. Shangazi amekubali kubomoa lipu ile ya chini, kazi tunaianza mwezi wa nane.